Macho ya Kuazima: Mwandishi Anayepoteza Uoni katika Historia ya Maandishi ya Kenya

1. Utangulizi

Mji wa Machakos una sifa mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Ya kwanza ni jina lake, linalotokana na Masaku, kiongozi na mtabiri wa Kikamba aliyesifika kwa kuyaona yale ambayo wenzake hawakuyaona. Ya pili ni chuo cha ufundi cha wasioona, ambacho mizizi yake ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambamo watu waliopoteza uoni wamefunzwa kazi za mikono ili wajitegemee. Kati ya mtabiri na fundi huyo yuko mtu wa tatu ambaye hakutengewa nafasi katika sifa hizo mbili. Huyo ni mwandishi: mtu aliyeishi kwa kusoma na kuandika, kisha, umri ulipomwendea, macho yakaanza kumwacha.

Makala haya yanamchunguza mtu huyo wa tatu. Hoja inayotetewa ni kwamba jicho si sharti la utunzi, bali ni sharti la chombo kimoja cha utunzi, yaani karatasi. Kwamba mila ya fasihi ya Kiswahili ilikuwa na jibu lake kwa tatizo hilo kabla ya tatizo lenyewe kupewa jina. Na kwamba kosa la historia ya fasihi si kumsahau mwandishi asiyeona pekee, bali ni kumsahau pia yule aliyemwazima macho. Mfano mkuu utatoka Rabai, katika maisha ya Johannes Rebmann, mwanakamusi aliyepofuka kabla ya kazi zake kuchapishwa. Mfano huo wa pwani hauko mbali na Ukambani kama unavyodhaniwa. Mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, ndiye aliyesafiri Ukambani mwaka 1849 na 1851 na kukiingiza Kikamba katika chapa kwa tafsiri yake ya Injili ya Marko mwaka 1850. Krapf huyohuyo ndiye aliyezifikisha kazi za Rebmann kwa wasomaji wakati mwenyewe hakuweza tena kuzisoma.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili tangu mwanzo. Mtu aliyezaliwa bila kuona, au aliyepofuka utotoni kama alivyopofuka Taha Hussein wa Misri, hujifunza lugha na elimu yake yote kwa masikio na vidole. Mtu anayepoteza uoni uzeeni yuko katika hali nyingine. Yeye tayari ana mazoea ya miaka mingi ya kuiona sentensi yake, kuirudia, kuifuta na kuisahihisha. Mtoto wa jicho huutia ukungu ukurasa mzima. Presha ya jicho hupunguza uoni kutoka pembeni kuja kati. Na kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina humfanya mzee aweze kutembea nyumbani mwake bila kujikwaa, ilhali herufi anayoilenga ndiyo hasa inayotoweka. Ugonjwa wa aina hiyo ya mwisho unaweza kumwacha mkulima na kazi yake nusunusu. Mwandishi humnyang'anya kazi nzima.

2. Mkono wa mwingine: mila ya imla

Anayefikiri kwamba mwandishi ni lazima ashike kalamu mwenyewe hana budi kuurejelea Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufariki. Anapoanza, anamwita binti yake asogee karibu na alete wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo la kumwambia. Wahakiki wamezoea kuliona ombi hilo kuwa desturi ya utangulizi wa tenzi, na kwa hakika ni desturi, kwani linapatikana katika tenzi nyingine nyingi. Hata hivyo, desturi nayo ina historia yake. Ombi la wino na karatasi linachukulia kuwa ni jambo la kawaida kwamba mwenye maneno ni mmoja na mwenye kuyaandika ni mwingine. Udhaifu wa mwili wa mtunzi haumwondolei utunzi wake. Humsogeza tu karibu na mtu wa pili.

Hali kama hiyo yaonekana katika historia ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki takriban mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake yanasomwa leo kwa sababu yalihifadhiwa vichwani mwa watu, na kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa aliishi kwa kunakili kazi za wengine kwa khati nzuri, na miswada mingi iliyowafikia wataalamu wa Ulaya ilipitia mikononi mwake. Katika mifano hii yote, macho yaliyoyaweka maneno katika karatasi hayakuwa ya mtunzi.

Ukambani nako, kabla ya karatasi, mzee aliyesimulia ngewa jioni hakuhitaji mwanga ili awe msanii. Kiza cha usiku kilimweka msimulizi mwenye macho na asiye na macho katika hali moja. Tunapokubali jambo hili, tunalazimika kukubali na natija yake: kufifia kwa macho kuligeuka kuwa ulemavu wa mtunzi siku ile fasihi ilipofanywa kuwa kazi ya kimya, ya mtu mmoja, mezani. Maandishi yaliipa fasihi uwezo wa kudumu, lakini yaliidai gharama, na gharama hiyo hulipwa zaidi na wazee.

3. Johannes Rebmann: kazi ya masikio

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Krapf huko Rabai. Sifa yake ya kwanza ilikuwa sifa ya macho. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni, akaandika kwamba weupe ule ni theluji. Katika London, W. D. Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliikataa habari hiyo kwa ukali na kudai kwamba mmisionari huyo alidanganywa na macho yake. Ubishi huo uliendelea kwa miaka kadhaa, hadi safari za Karl Klaus von der Decken mwanzoni mwa miaka ya 1860 zilipothibitisha kuwa Rebmann aliona sawasawa. Hivyo basi, mtu ambaye baadaye angepoteza macho ndiye ambaye macho yake yalikwisha kutiliwa shaka yakiwa mazima.

Lakini kazi nzito ya Rebmann haikuwa ya macho. Ilikuwa ya masikio. Ramani ya Afrika ya Kati ambayo yeye na Jakob Erhardt waliitoa katikati ya miaka ya 1850, na ambayo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katika bara, ilichorwa kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara. Wachoraji wake hawakuwahi kuliona ziwa lolote kati ya yale waliyoyachanganya kuwa moja. Ramani hiyo ilikosea, lakini ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea safari ya Burton na Speke iliyoanza mwaka 1857. Vivyo hivyo, kamusi yake ya lugha aliyoiita Kiniassa haikukusanywa katika nchi ya lugha hiyo. Katika miaka ya 1850, Rebmann aliketi na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetolewa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani, akamsikiliza neno baada ya neno. Lugha nzima iliingia katika daftari kutoka katika kinywa cha mtu mmoja aliyekuwa mbali na kwao na asiye huru.

Miaka ilivyopita, Rebmann alibaki Rabai huku wenzake wakiondoka. Aliandika mengi na kuchapisha machache, kwani alipenda kusahihisha na kusahihisha tena. Tabia hiyo, ambayo ni fadhila kwa mwanakamusi mwenye macho, ikawa mtego macho yalipoanza kufifia. Miswada ilirundikana ikingoja usahihisho ambao ni jicho pekee lililoweza kuutoa. Alipoondoka Afrika Mashariki mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa karibu haoni kabisa. Aliyefuatana naye hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa mwanzo wa misheni hiyo. Rebmann alikaa Korntal, karibu na Krapf, na akafariki tarehe 4 Oktoba 1876.

Tarehe za machapisho yake zinaeleza kisa hiki kwa ufasaha zaidi kuliko wasifu wowote. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilitoka katika chapa mwaka 1876, mwaka wa kifo chake. Kamusi ya Kiniassa ilitoka mwaka 1877, ikiwa imehaririwa na Krapf. Kamusi ya Kinika, yaani ya lugha za Wamijikenda, ilitoka mwaka 1887 kwa majina ya Krapf na Rebmann, ikiwa imehaririwa na T. H. Sparshott. Mwandishi aliyeonekana kuwa amekwisha, ndipo hasa alipoanza kuwa na vitabu. Bila ya macho ya Krapf, pengine kazi hizi zingebaki makaratasi tu ndani ya sanduku.

Hapa pana maswali mawili ambayo mhakiki hana haki ya kuyakwepa. La kwanza ni la matini. Mhariri anapokamilisha kazi ya mwandishi asiyeweza kuikagua, mstari kati ya usahihisho na utunzi huwa mwembamba. Krapf alikuwa mwanakamusi mwenye rai zake mwenyewe kuhusu lugha hizi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, inatosha kuwa ushahidi wa nguvu za rai hizo. Msomaji wa kamusi ya mwaka 1877 hana budi kukumbuka kuwa anasoma kazi ya watu watatu: aliyesema, aliyesikia na aliyeihariri.

Swali la pili ni la haki. Kati ya watu hao watatu, wawili wana nafasi thabiti katika historia ya isimu ya Kiafrika. Salimini hutajwa kama chanzo cha maneno. Isaac Nyondo, aliyekuwa macho ya mtu huyo katika safari ya kutoka Rabai hadi Ujerumani, hutajwa kama mtumishi. Hapana budi kuuliza ni kwa kipimo gani mtu anayeandika kwa niaba ya kipofu huitwa mhariri, na anayemwongoza na kumsemea katika ulimwengu huitwa mtumishi. Kipimo hicho hakikuwa cha fasihi. Kilikuwa kipimo cha rangi na cha daraja.

4. Vina, mizani na kumbukumbu

Historia ya fasihi ya ulimwengu inatoa mifano inayosaidia kuipima hoja hii. John Milton alipofuka kabisa mwaka 1652, akiwa na umri wa miaka 43. Utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, uliotoka mwaka 1667, aliutunga kichwani na kuusema kwa imla kwa yeyote aliyekuwapo kuuandika. Miongoni mwa waliomsomea ni kijana Thomas Ellwood, aliyemsomea vitabu vya Kilatini. Jorge Luis Borges wa Argentina, aliyekuwa na ugonjwa wa macho wa kurithi, alifanywa mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa mwaka 1955, wakati ambapo hakuweza tena kuvisoma vitabu alivyokabidhiwa. Mama yake, Leonor Acevedo, alimsomea na kumwandikia kwa miaka mingi.

Kwa mhakiki wa ushairi wa Kiswahili, jambo lenye uzito katika maisha ya Borges ni mabadiliko ya umbo. Alipopoteza uoni, aliirudia kwa nguvu mpya beti zenye vina na mizani, naye alieleza sababu yake waziwazi: ubeti wenye kipimo huweza kubebwa kichwani. Mtu anaweza kuusahihisha akitembea barabarani. Nathari huru haishikiki hivyo.

Kauli hiyo inatupa pembe mpya ya kuutazama mgogoro wa ushairi uliotawala uhakiki wa Kiswahili tangu miaka ya 1970. Waliotetea arudhi, kwa kufuata njia iliyowekewa sheria na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, walisisitiza mapokeo na uzuri wa sauti. Waliotetea mtindo huru, baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, walisisitiza uhuru wa fikra. Pande zote mbili zilibishana kana kwamba mtunzi ni mtu asiye na mwili wala umri. Mshororo wa mizani 16, uliogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, ukiwa na kina cha kati na kina cha mwisho, ni pambo, lakini pia ni chombo cha kuhifadhia. Kina kikikosekana, sikio hujua kwamba kuna neno limepotea. Mizani ikizidi, ulimi hujikwaa. Kwa maneno mengine, arudhi humfanyia mtunzi kazi ileile ambayo jicho humfanyia mwandishi wa nathari: humrudisha pale alipokosea.

Haifuati kutokana na hayo kwamba mtindo huru ni batili. Linalofuata ni kwamba kila umbo lina masharti yake ya kimwili. Mshairi wa arudhi anapozeeka na kufifia macho, hupoteza karatasi, lakini hubaki na karakana yake. Mwandishi wa riwaya hupoteza vyote viwili kwa wakati mmoja. Riwaya ya kurasa 300 haibebeki kichwani. Mwandishi wake humhitaji mtu wa kumrudishia alichosema jana, na juzi, na mwezi uliopita. Kwa hiyo mwandikaji wa mshairi anaweza kuwa mpita njia. Mwandikaji wa mwandishi wa riwaya ni lazima awe mwenzi wa muda mrefu.

5. Machakos na mzee anayeandika

Turejee Machakos. Taasisi za wasioona nchini Kenya zilijengwa kwa ajili ya watu wa aina mbili. Kwanza ni watoto: shule ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Pili ni watu wazima wanaohitaji riziki: ndiyo maana ya chuo cha Machakos, na ndiyo roho ya sheria ya mwaka 1956 iliyounda Kenya Society for the Blind. Huduma hizo zimeokoa maisha ya wengi na hazistahili kubezwa. Hata hivyo, zilibeba ndani yake picha fulani ya asiyeona: ama ni mwanafunzi aliye mwanzoni mwa elimu yake, ama ni mfanyakazi ambaye mikono yake itachukua nafasi ya macho. Mwanafasihi wa miaka 70 hayumo katika picha hiyo. Yeye hatafuti ufundi mpya. Anatafuta njia ya kuendelea na ule alio nao.

Breli, au maandishi ya nukta nundu, aliyoyatangaza Louis Braille mwaka 1829, hayamwelekei mzee huyo kwa urahisi. Ni maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa ncha za vidole, na Kiswahili, chenye tahajia iliyonyooka, kinaandikika kwayo bila taabu kubwa. Lakini yanahitaji wepesi wa vidole na miaka ya mazoezi, na uzee hupunguza vyote viwili. Wengi wanaopoteza uoni baada ya kustaafu hawajifunzi breli kabisa. Njia iliyobaki kwao ni ile ya Mwana Kupona: sauti na msikilizaji. Kinasa sauti, na siku hizi programu za kompyuta na simu zinazosoma maandishi kwa sauti na kuandika yanayosemwa, ni mwandikaji wa aina mpya. Mashine ina ubora wake, kwani haichoki. Ina upungufu wake pia, kwani haiulizi pale ambapo jambo halieleweki.

Swali hili lina uzito wa pekee sasa, kwa sababu za kihistoria. Fasihi andishi ya Ukambani si ya zamani sana. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha Mutunga na Ngewa Yake mwaka 1954. David Maillu, mzaliwa wa Ukambani wa mwaka 1939, aliingia sokoni kwa kishindo katika miaka ya 1970. Mbiti alifariki mwaka 2019. Kizazi cha wale walioanza kuandika wakati wa uhuru kimefika uzeeni, na hiki ni miongoni mwa vizazi vya kwanza katika sehemu za bara kuzeeka kikiwa na kalamu mkononi. Wazee waliowatangulia walisimulia hadi mwisho. Je, hawa wataandika hadi mwisho, au tutaiachia retina iamue ni lini mwandishi astaafu?

Sheria imekwisha kutangulia mbele ya desturi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze matumizi ya breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu, na kifungu cha 54 kinaitambua haki ya mtu kuzitumia njia hizo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu nakala za vitabu kutayarishwa kwa umbo linalosomeka na wasioona bila ya kikwazo cha hakimiliki. Hata hivyo, sheria hizi zinamtazama asiyeona kama msomaji zaidi kuliko mtunzi. Zinamfungulia maktaba, hazimpi mwandikaji.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utunzi bila macho si kioja katika fasihi yetu, bali ni hali ambayo mila yenyewe iliitengenezea nafasi. Mwana Kupona aliita wino. Muyaka alihifadhiwa na wenye kumbukumbu. Rebmann aliishi kwa masikio na akachapishwa kwa macho ya mwingine. Kazi iliyobaki ni ya wahakiki na ya idara za fasihi. Wahakiki wanapaswa kuuliza, kwa kila matini iliyotungwa uzeeni, ni mkono wa nani ulioiandika, na sauti ya mkono huo inasikika wapi katika kurasa zake. Idara zina wanafunzi wa uzamili wenye macho mazima na wenye haja ya kujifunza utunzi kwa karibu, na zinao wazee wenye maneno ambayo hayajaandikwa. Kuwakutanisha hao wawili ni sehemu ya kazi ya fasihi yenyewe.

Na kazi hiyo itakapofanyika, jina la mwandikaji liwekwe katika jalada la ndani, kwa herufi zinazosomeka. Salimini na Isaac Nyondo hawakupata heshima hiyo. Wenzao wa leo wasiikose.